Mafuta Chini ya Feni

Kompyuta ya Bi Farkhanda ilinuka kabla haijawashwa.

Fundi Mubashir aliipata harufu ile mwenye mali akiwa bado anateremka ngazi, amelikumbatia boksi la chuma ubavuni, maji ya mvua ya Sawan, mwezi wa mvua kubwa, yakimchuruzika kwenye mtandio. Ilikuwa harufu ya kikaango kilichosahauliwa siku tatu na mafuta yake ndani, na chini yake palikuwa na harufu nyingine, tamutamu, ambayo pua iliikataa kabla akili haijaipa jina. Duka lilikuwa chini ya ardhi, barabara ya Hall, Lahore. Jasho, lehemu, choo cha jengo zima: vyote hivyo Mubashir alikwisha kuvizoea kwa miaka ishirini. Hii hakuwahi kuinusa.

"Inawaka, halafu inajizima," alisema Bi Farkhanda, akaiweka juu ya meza. Alikuwa mjane, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema jambo mara mbili. "Binti yangu ana mtihani wa uhasibu mwezi ujao. Fundi wa mtaani kwetu kasema ubao mama umekufa. Wa pili kasema hapana, ni prosesa. Nikaambiwa nenda kwa Mubashir, yule hasemi uongo."

"Na ukweli pia hasemi, mwalimu," alidakia Ghazanfar kutoka nyuma ya lundo la skrini. "Yeye husema 'niachie mpaka kesho' tu."

"Niachie mpaka kesho, dada," alisema Mubashir, na wote watatu wakacheka.

Ghazanfar alikuwa mshirika wake tangu hawajaota ndevu. Mtu wa kilo mia na ushee, mwepesi wa mikono na wa mdomo, fundi ambaye angesikiliza feni ikizunguka akakuambia ina miaka mingapi. Alikuwa na ubaya mmoja: hanawi. Alikula kwa mikono ile ile aliyofanyia kazi, na ukimkemea anakujibu, "Mkono mtupu haulambwi, ndugu yangu," kisha anaulamba.

Bi Farkhanda alipoondoka wakafungua kifuniko. Vumbi la ndani lilikuwa limeshikana likawa zito kama blanketi, na blanketi hilo lilikuwa na nywele. Nywele ndefu, nyeusi, za kike, zimejiviringa kwenye mhimili wa feni mpaka zimekuwa kamba. Katikati yake mlikuwa na mende waliokauka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kichwa.

"Hii ilikuwa ofisini au saluni?" Ghazanfar aliuliza, lakini naye alisogeza uso pembeni.

Wakaisafisha kwa brashi, wakaiwasha. Iliwaka bila taabu. Baada ya muda feni ikaanza kupandisha sauti, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, harufu ikakolea ikawa ya kitu kinachokaangwa hasa, na pop, skrini ikawa nyeusi. Mubashir alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na moja. Wakaiacha ipoe, wakarudia. Kumi na moja. Wakarudia tena.

"Kumi na moja kamili," alisema Mubashir. "Mashine mbovu haina adabu ya saa namna hii."

Wakabadilisha kifaa cha umeme, wakabadilisha kumbukumbu, hali ikawa ile ile. Vikabaki viwili, ubao na prosesa, chipu ya akili inayokaa juu yake. Kumjua mwenye makosa hapo hakuhitaji ramli: unaitoa prosesa unaijaribu kwenye ubao mzima, kisha unaleta prosesa nzima unaijaribu kwenye ubao unaoushuku. Kimoja kimoja. Ukigusa viwili kwa pamoja umejidanganya mwenyewe.

Ghazanfar akafungua skrubu nne akanyanyua feni pamoja na bati lake la kupozea. Chini yake, kati ya bati na prosesa, pale ambapo kila fundi hutarajia grisi nyeupe iliyokauka kama chokaa, palikuwa na mafuta. Ya manjano, laini, yenye chembechembe, na ndani yake nyuzi nyembamba nyekundu. Yalivutika kati ya bati na prosesa kama jibini ya moto, yakakatika, yakarudi kujikunja.

"Nani kaweka samli hapa?" Mubashir alisema, mkono puani.

"Maskini hana grisi, kaazima jikoni kwa mkewe." Ghazanfar akayapangusa kwa dole gumba, kwa vile yeye hupangusa kila kitu kwa dole gumba, akajifuta kwenye suruali.

Muda huo huo muuza sambusa akapita mlangoni. Walikuwa na njaa, walikuwa na haraka, na Mubashir, ambaye kwa miaka ishirini alimpigia mwenzake kelele anawe, siku ile alinyoosha mkono akampa sambusa ya moto bila kusema neno. Ghazanfar akala. Kisha akalamba dole gumba, polepole, kuanzia chini hadi kwenye ukucha.

"Tamu," alisema, kama mtu aliyeshangaa.

Mchana ule walifanya majaribio yao. Prosesa ya Bi Farkhanda kwenye ubao wa dukani: ikafanya kazi mpaka jioni. Prosesa ya dukani kwenye ubao wa Bi Farkhanda: kesho yake, kutwa, hakuna tatizo. Wakavirudisha viwili pamoja kwa grisi mpya na bati jipya la kupozea, na kompyuta ikakaa siku mbili bila kuzima, bila kunuka, feni ikinong'ona kama mashine iliyotoka dukani leo.

"Basi mbovu ni nani?" aliuliza Mubashir.

Ghazanfar alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anajipepea kwa kifuniko cha boksi, na jasho lililomtoka nyuma ya masikio halikuwa la maji. Lilikuwa la manjano, lilishuka taratibu, likaganda kwenye kola.

"Kuna mtu anakaanga nyama jirani?" aliuliza.

"Hakuna mtu anayekaanga, bwana. Umeoga wewe leo?"

"Mara tatu." Na hakutania. Hilo ndilo lililomtia Mubashir wasiwasi wa kwanza.

Siku ya tano Mubashir alitoka kwenda kuswali adhuhuri, akamwacha mwenzake peke yake. Aliporudi umeme ulikuwa umekatika kwa mgao, duka lina mwanga wa ngazini tu, na kutoka nyuma ya lundo la skrini akasikia mlio ambao kwanza alidhani ni paka anakunywa maji, mlio wa ulimi, wa kulamba, mwepesi na wa pupa, ukisimama kidogo kuvuta pumzi na kuanza tena. Akazunguka meza. Ghazanfar alikuwa amechuchumaa kwenye kona, ameshika kwa mikono miwili lile bati la zamani la kupozea, lile walilolitoa kwenye kompyuta ya Bi Farkhanda na kulitupa kwenye debe la vyuma chakavu, na alikuwa akipitisha ulimi katikati ya mapezi yake makali, ndani kabisa, anatafuta, na mapezi yalikuwa yakimkata, na damu na mate na yale masalia ya manjano yalikuwa yakimtiririka kidevuni, naye hakuonekana kusikia maumivu yoyote.

"Ghazanfar!"

Akainua uso. Macho yalikuwa yake, yana hofu, yanaomba msaada. Mdomo ndio haukuwa wake, kwani uliendelea kulamba hewa.

"Nizuie," alinong'ona katikati ya kulamba huko. "Ndugu yangu, nizuie, sitaki."

Kisha kifuani mwake ukaanza mvumo. Mubashir aliutambua kabla hajataka kuutambua: feni, inapandisha sauti taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Harufu ikajaa duka. Mvumo ukapanda, ukapanda, Ghazanfar akaanguka kifudifudi kama gunia, akanyamaza.

Walimbeba watu wanne hadi kwenye bajaji, na kila aliyemshika aliondoka na viganja vinavyoteleza.

Nyumbani kwa Ghazanfar, mkewe Tasneem alimvuta Mubashir pembeni ya mlango. Alikuwa amejifunga mtandio puani.

"Shemeji, nikuonyeshe kitu usinicheke?" Akamwonyesha mto wa kitanda. Ulikuwa umelowa manjano, umeganda, nzi wamekaa juu yake hawaruki hata ukiwapunga. "Siku nne hizi. Nikimpa wali anautafuna, halafu anautema, na anachotema si wali. Hospitali wamempima homa, wamempima damu, wamempa vidonge. Imamu kaja kusoma, kasoma mpaka sauti imekauka. Akiamka anakaa vizuri, ananijua, anaulizia watoto. Halafu kifua kinaanza kuvuma, anazimika."

"Baada ya muda gani?"

"Sijui, shemeji. Muda si mrefu."

Mubashir akaketi kando ya kitanda. Ghazanfar alipofumbua macho, yeye akatazama saa. Waliongea kidogo, habari za duka, habari za mvua. Ghazanfar alikuwa akilia bila sauti, na machozi yake yaliacha mistari inayong'aa. Mvumo ukaanza. Alipozimika Mubashir alitazama saa tena. Dakika kumi na moja.

Ubao ulikuwa mzima. Prosesa ilikuwa nzima. Alikuwa amevipima viwili kwa uangalifu wote na hakukipima kile kilichokuwa katikati yao, na kile cha katikati alikuwa amemlisha rafiki yake kwa sambusa.

Akampigia simu Bi Farkhanda palepale. "Dada, niambie ukweli. Kompyuta hii ilikuwa ya nani?"

Ikaja sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na ukuta: "Ya shemeji yangu Saqlain. Mume wa marehemu dada yangu. Alikuwa akiandika hirizi, fundi. Watu walimjia na magari makubwa usiku na mchana. Alikufa masika haya, hakuacha mtoto, ndugu zake wakaniambia mchukulie binti yako kompyuta. Kwani imefanya nini?"

Mubashir akalifunga lile bati ndani ya mifuko mitatu ya plastiki akalipeleka kwa imamu. Imamu alifungua mfuko wa kwanza na wa pili. Wa tatu hakuufungua.

"Hili si langu," alisema, akilirudisha kwa ncha za vidole. "Mimi nawasomea walio hai. Nenda kwa Inayat, muosha maiti."

Inayat aliishi nyuma ya uzio wa makaburi, mzee mwenye ndevu za hina na tambuu shavuni, mkali, asiyependa wageni. Alitia pua kwenye mfuko mara moja tu. Akatema tambuu yote chini.

"Umelishika kwa mkono?"

"Mwenzangu alilishika. Akala."

"Mwana wa..." Hakumaliza tusi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sikiliza, kijana. Miaka arobaini naosha watu, hii harufu naijua kuliko ya mwanangu. Hii si ya ng'ombe wala mbuzi. Hii ni mtu. Kuna mashetani wa kibinadamu wanaokuja kwenye maiti na kisu kidogo, wanakwangua tumboni, wanakwenda kulishia jini. Jini anapewa mafuta hayo kwenye moto, kidogo kidogo kila siku, anakuwa mtumwa wa anayemlisha."

"Prosesa ndiyo ilikuwa moto wake," alisema Mubashir. "Na mlishaji akifa?"

"Wewe ukifa, mbwa wako ataacha kula?" Inayat akasimama. "Nitafutie majani ya mkunazi na kafuri. Na huyo mama mwenye mashine aje. Tukipata jina la marehemu mwenye mafuta, lazima awepo wa kulijua."

Walifanya kazi ile mchana kweupe, uani kwa Ghazanfar, mvua nyembamba ikinyesha. Inayat alileta kitanda chake cha mbao, kile chenyewe cha kazi, chenye mifereji ya maji. Tasneem na Bi Farkhanda walikaa ndani, nyuma ya pazia. Mubashir alimshika mwenzake kichwa.

Ghazanfar alipoona kitanda akaelewa. "Mimi sijafa, Mubashir," alisema, sauti kama ya mtoto. "Waambie. Mimi sijafa."

"Hujafa. Nipo hapa. Nitazame mimi tu."

Inayat alimfunika shuka kutoka kitovuni hadi magotini, akaanza kumwosha kama anavyooshwa kila mwana wa Adamu siku yake ya mwisho, upande wa kulia, upande wa kushoto, kwa maji ya majani ya mkunazi, na kila bakuli la maji lililomwagika lilishuka kwenye mifereji likiwa na tabaka la manjano juu, nene, lenye nywele ndani, nywele ndefu nyeusi zisizo za Ghazanfar, zikitoka kwenye vinyweleo vya mgongo wake kama uzi unaovutwa kwenye nguo, mpaka mfereji ukaziba na Mubashir ikabidi auzibue kwa vidole vyake huku anatapika pembeni, na mvumo ule kifuani ukaanza na safari hii haukukoma dakika ya kumi na moja wala ya ishirini, ulipanda ukawa mluzi, mluzi ukawa maneno.

"Nina njaa," kilisema kinywa cha Ghazanfar.

"Najua," alisema Inayat, akaendelea kuosha. "Nani alikuleta?"

"Mwenye kalamu. Alinipa chakula, hakunipa ruhusa ya kuondoka. Kafa. Sasa nala nilipo."

"Chakula ulichopewa ni cha nani?"

Kinywa kikafunga. Meno yakasagana mpaka moja likapasuka. Inayat akachukua maji ya kafuri, akaweka viganja viwili chini ya mbavu za Ghazanfar na kubonyeza tumbo, taratibu, kuelekea juu, kama anavyobonyeza maiti ili kilichobaki ndani kitoke.

"Cha nani? Nimeosha wenzako wengi, usinipotezee siku. Mwenye mali atajwe arudishiwe mali yake, na wewe uende zako."

"Shaista," kilisema kile kitu. "Shaista, aliyelala kitanda kimoja na mwenye kalamu."

Nyuma ya pazia kitu kizito kikaanguka sakafuni. Tasneem akapiga kelele, "Dada Farkhanda! Dada!"

Inayat akabonyeza kwa nguvu zake zote. Ghazanfar akajipinda, koo likavimba kama la chura, na likatoka: donge la manjano kiasi cha ngumi, limejifunga kwa nywele, la moto mpaka mvua ikatoa mvuke juu yake. Lilianguka kwenye bakuli kwa mlio wa kukaanga. Kisha upepo ukapita uani, upepo wenye joto, ukarusha pazia juu, ukagonga lango la bati, ukaenda.

Ghazanfar akakohoa. Akageuza uso kwa Mubashir. "Maji," alisema. "Nataka kunawa mikono."

Hakuna aliyecheka. Mubashir alimmiminia maji, akamsugulia mwenyewe kila kidole kwa sabuni, mara saba, naye analia.

Bi Farkhanda akatoka nje. Alisimama juu ya bakuli, wala hakuziba pua.

"Ni dada yangu mkubwa," alisema. "Alikufa kwa ini, mwaka wa tatu sasa. Tulikwisha kumwosha na kumvika sanda. Yule mtu akatuomba tumwache amuage mkewe peke yake. Alikuwa analia. Tukamwonea huruma." Akainua kiganja chake. "Mlango niliufunga mimi, kwa mkono huu, ili wasimsumbue."

Bi Farkhanda akavua mtandio wake mweupe, akakunja donge lile ndani yake kwa mikono mitupu, akafunga fundo kichwani na miguuni kama anavyofungwa mtu mzima, akalipakata. Mafuta yakapenya kitambaa, yakamchafua kifuani. Hakujali.

Jua lilikuwa halijatua walipofika makaburini, watatu: yeye, Mubashir na Inayat. Makaburi yote yalikuwa yameota nyasi za mvua hadi magotini. La Shaista lilikuwa udongo mtupu. Mvua ilinyesha juu yake na haikulilowesha. Kila tone lililogusa udongo lilipanda kuwa mvuke.

"Miaka mitatu namwoteshea maua hayashiki," alisema Bi Farkhanda. "Nilidhani ni kukosa mbolea."

Inayat akachimba ubavuni mwa kaburi. Jembe lilitoka la moto, akabadilisha mikono mara mbili, akafika mahali penye kina cha kutosha. Bi Farkhanda alipiga magoti akakiweka kifurushi ndani mwenyewe, upande wa kuume, kimeelekea kibla. Walisoma kilichosomeka. Walifukia.

Kisha mwalimu yule akaweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo. Mubashir alimwona akiuma midomo kwa joto, akataka kumwinua; Inayat akamzuia kwa jicho. Wakasubiri. Mvua ikanyesha, mvuke ukapanda, ukapungua, ukawa uzi mmoja mwembamba karibu na kichwa cha kaburi, na huo nao ukakatika. Matone yakaanza kuingia ardhini. Udongo ukageuka rangi, ukawa mweusi, ukawa tope, tope likapanda kati ya vidole vyake.

"Imepoa," alisema Bi Farkhanda, na hakutoa mkono.